Diski Imechomekwa, Lakini Bado Haijapachikwa

Wateja wengi wanaofika kwenye kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, huanza na maneno yaleyale: "Fundi, nimechomeka lakini haionyeshi." Wanazungumzia flashi, memori kadi ya kamera, au diski ya nje iliyobeba harusi za mwaka mzima. Taa inawaka, diski inazunguka, ila hakuna folda hata moja inayotokea. Windows inawaambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, na chini ya ujumbe huo kuna kitufe. Wanaokibofya hunifikia wakiwa wamechelewa. Wale wasiokibofya, mara nyingi mafaili yao yapo palepale, na kinachokosekana ni hatua moja ambayo hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa ipo.

Kuchomeka ni kazi ya mkono: waya umeingia, umeme umepita, kompyuta imejua kuna kifaa. Kupachika ni kazi ya mfumo endeshi. Unasoma ule mpangilio ulioandikwa juu ya diski, unaoeleza faili gani liko wapi na lina ukubwa gani, kisha unauunganisha na folda fulani ili watu na programu wapate pa kuingilia. Mpangilio huo ndio mfumo wa mafaili. Windows hufanya kazi hii bila kukuuliza na kukipa kifaa herufi, D au E au F. Linux haina herufi hizo. Ina mti mmoja tu wa folda unaoanzia kwenye mzizi unaoandikwa / na kila diski, iwe ya ndani, ya nje au iliyo kwenye kompyuta ya mbali, hupewa tawi lake humo.

Mwenye Ubuntu atasema flashi yake hupachikwa yenyewe akiichomeka, na ni kweli. Inatokea chini ya /media bila yeye kuandika chochote. Mimi mwenyewe hufurahia hilo kwa flashi yangu. Kwa diski ya mteja nimezima upachikaji wa aina hiyo kabisa, maana nataka kuamua mwenyewe inaingia wapi na kwa masharti gani. Tena dirisha la mafaili likishindwa kupachika hukwambia limeshindwa, basi. Terminali, pale unapoandika amri, hukwambia kwa nini.

Utaratibu huu una umri mkubwa. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoitengeneza Unix pale Bell Labs, New Jersey, mwongozo wao wa kwanza wa Novemba 1971 tayari ulikuwa na amri mbili, mount na umount. Enzi hizo diski ilikuwa sahani nzito ndani ya kasha, mtu akiibeba kwa mikono na kuisukuma ndani ya mashine. Diski ya aina ya RK05 ya miaka ile ya 70 ilibeba takriban megabaiti 2.5, ambazo leo hazitoshi wimbo mmoja wa MP3 wa dakika tano. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, alifuata desturi hiyohiyo, na amri ninazoandika kila siku ni zilezile za miaka hamsini iliyopita.

Amri ya kwanza haigusi chochote. Inaangalia tu:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT

Kwenye mashine yangu, nikiwa nimechomeka diski ya mpiga picha wa harusi, hutokea kitu kama hiki:

sda 465.8G
├─sda1 512M vfat /boot/efi
└─sda2 465.3G ext4 /
sdb 931.5G
└─sdb1 931.5G ntfs HARUSI

Huu mchoro mdogo una habari zote ninazohitaji. sda ni diski ya kompyuta yangu, imegawanywa vipande viwili, na kila kimoja kina mahali pake kwenye mti. sdb ni diski ya mteja. Ina kipande kimoja, sdb1, kimefomatiwa kwa NTFS ya Windows, kina jina HARUSI, na safu ya mwisho iko tupu. Utupu huo ndio jibu la swali lake: kifaa kipo, mfumo wa mafaili upo, haujapachikwa. (Wateja pia huniuliza kwa nini diski ya terabaiti 1 inaonyesha 931. Hawajaibiwa. Kiwanda huhesabu baiti trilioni moja, na kompyuta inagawanya kwa 1024 mara tatu.)

Kama safu ya FSTYPE nayo iko tupu, hapo kuna jambo jingine. Huenda jedwali la vipande limeharibika, au mwanzo wa mfumo wa mafaili umefutika. Na kama diski yenyewe haionekani kabisa kwenye orodha, shida ni waya, tundu, au umeme mdogo wa USB. Badilisha waya kwanza kabla hujafikiria kingine.

Kisha natengeneza folda ya kupachikia na kupachika kwa sharti moja:

sudo mkdir -p /mnt/mteja
sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/mteja

Hizo herufi mbili, ro, nazithamini kuliko programu yoyote ya kulipia ya kuokoa mafaili. Maana yake ni kusoma tu. Kompyuta yangu haiandiki hata nukta moja kwenye diski hiyo. Siwezi kufuta kwa bahati mbaya, wala programu yoyote haiwezi kuacha kifaili chake cha siri humo. Faili lililofutwa jana linaweza kuwa bado liko zima juu ya diski likisubiri nafasi yake iandikwe kitu kingine, na kila maandishi mapya yanaweza kuangukia hapohapo. Kuna jambo moja ambalo hata mafundi hulisahau: kwa ext4, ro peke yake haitoshi. Kama diski ilizimika vibaya, Linux hurudia kwanza yaliyokuwa kwenye daftari lake la kumbukumbu, na huko ni kuandika. Kwa hiyo kwa diski ya ext4 ninayoitilia shaka natumia ro,noload.

Ile flashi yenye virusi vinavyogeuza kila folda kuwa kifupisho (shortcut), ugonjwa maarufu wa steshenari zetu, nayo hufunguka hivihivi. Virusi vile huzificha folda halisi kwa alama ambayo Windows huitii, halafu huweka vifupisho bandia badala yake. Linux haijali alama hiyo, kwa hiyo folda zote huonekana, na vile vifupisho bandia havina nguvu kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Mwanafunzi anayelia kuhusu ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo huipata ndani ya dakika chache.

NTFS ina mgomo wake mmoja. Windows za miaka hii, zikizimwa kawaida, hazizimiki kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yao kwenye diski ili ziwake haraka kesho. Linux ikiiona diski ya namna hiyo hukataa kuandika, na ina haki, kwa sababu Windows itarudi ikidhani hakuna kilichobadilika. Usiilazimishe. Irudishe kwenye Windows, shikilia Shift unapobofya kuzima, na itazimika kikamilifu.

Mzee mmoja aliniletea diski ya nje yenye nyimbo za taarabu alizozihamisha kutoka kwenye kanda zake, za vikundi vya hapahapa Tanga na vya Mombasa. Kanda zenyewe ziliota ukungu na alikwisha kuzitupa. Kila akifungua wimbo, kompyuta ilikwama.

"Mwanangu, ifungue basi tunakili kidogokidogo," aliniambia.

"Mzee wangu, nikiendelea kuifungua naweza kuimaliza. Naomba uniachie."

Nilikuwa nimekwisha kuona kwenye dmesg, ile kumbukumbu ya mambo ya kerneli (kiini cha Linux), mistari mingi ya makosa ya kusoma. Diski ya namna hiyo haipachikwi hata kwa ro. Kila faili linalofunguliwa huikimbiza sindano ya kusomea huku na huko juu ya sahani inayochakaa, na mfumo wa mafaili huomba kipande kibovu kilekile tena na tena. Kinachotakiwa ni kunyonya diski nzima, tangu baiti ya kwanza hadi ya mwisho, kwenda kwenye faili moja kubwa kwenye diski nyingine isiyo na ubovu, halafu kuiacha ile mbovu ipumzike. Chombo cha kazi hiyo ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz:

sudo ddrescue -n /dev/sdb taarabu.img taarabu.map
sudo ddrescue -r3 /dev/sdb taarabu.img taarabu.map

Mzunguko wa kwanza huchukua kila kilicho rahisi na kuruka palipo pabaya. Wa pili hurudi kwenye mabaki na kuyajaribu mara tatu. Hilo faili la .map ndilo ninalolipenda zaidi: linaandika sehemu ipi imesomwa na ipi bado, hivyo umeme ukikatika katikati ya usiku, na kwetu hukatika, asubuhi unarudia amri ileile nayo inaendelea ilipoishia. Diski inayokufa haina nguvu ya kuanza upya.

Baada ya hapo diski ya mzee iliingia kwenye boksi, na kazi yote ikafanyika kwenye picha:

sudo losetup -rfP --show taarabu.img
sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt/mteja

losetup hulifanya faili la kawaida lionekane kama diski, pamoja na vipande vyake, na mount haioni tofauti. Nyimbo zilitoka. Vipande vichache havikusomeka, na kwenye nyimbo hizo sauti inakatika kidogo pale palipokuwa na shimo. Mzee alikaa kwenye benchi akisikiliza moja baada ya nyingine kwa spika yangu mbovu, akinitajia waimbaji, na mimi nikawa naandika majina ya mafaili upya kama alivyokuwa akiyataja.

Sasa niseme juu ya kutoa, kwa sababu hapo ndipo mafaili mengi mazima hufia. Ukinakili video kwenye flashi, mstari wa maendeleo ukafika asilimia 100, video hiyo inaweza kuwa bado haijaandikwa. Linux huiweka kwanza kwenye RAM, ambako ni haraka, na kuimwaga kwenye kifaa taratibu; data inaweza kusubiri nusu dakika kabla hata ya kuanza kumwagwa, na flashi ya bei rahisi ikachukua dakika kadhaa kuimaliza. Anayechomoa wakati huo anaondoka na faili lenye jina bila tumbo, au na mpangilio uliokatika katikati. Amri ni hii, na angalia tahajia yake:

sudo umount /mnt/mteja

Wakati mwingine inakaa muda mrefu bila kujibu. Iache. Inamaliza kumwaga. Ikirudi kimya, kazi imekwisha, na hapo chomoa. Ikijibu "target is busy", kuna programu bado imeshikilia kitu ndani. Jahazi haling'oi nanga hamali akiwa bado ngazini na gunia. Mara nyingi ni terminali yako mwenyewe iliyosimama ndani ya folda hiyo, na kuandika cd peke yake kunatosha. Vinginevyo fuser -vm /mnt/mteja itakutajia programu kwa jina. Kuna vijana wanaopenda umount -l kwa sababu inatii papo hapo. Inatii kwa kukiondoa kifaa machoni pako tu. Programu zilizokishikilia zinaendelea kuandika humo bila wewe kuona. Kwa kifaa cha USB siitumii.

Uchaguzi wa mfumo wa mafaili nitaupita haraka. FAT32 inasomeka kila mahali, hadi kwenye redio za magari, lakini haikubali faili moja la gigabaiti 4. Ndiyo sababu kamera nyingi hukata sherehe ndefu vipandevipande, na ndiyo sababu flashi ya gigabaiti 64 iliyo tupu hukataa filamu moja. exFAT, ya Microsoft tangu 2006, haina kikwazo hicho, na tangu kampuni hiyo ilipochapisha maelezo yake hadharani mwaka 2019, Linux huisoma bila kuongeza kitu. Flashi ya mteja naifomati hivyo. Diski inayobaki ndani ya Linux naipa ext4. Hiyo huandika kwenye daftari lake nia ya kila badiliko kabla ya kulifanya, na umeme ukikatika husoma daftari na kujirekebisha kwa sekunde chache. Daftari hilo linalinda mpangilio. Faili ulilokuwa katikati ya kulihifadhi bado linaweza kupotea, kwa hiyo UPS haijapoteza kazi yake.

Palipo na diski ya kudumu, kwa mfano diski ya bekapu kwenye kompyuta ya ofisi, hakuna haja ya kuipachika kwa mkono kila asubuhi. Mstari mmoja kwenye faili /etc/fstab unatosha:

UUID=(namba ya diski) /mnt/bekapu ext4 defaults,nofail 0 2

Namba ya diski hupatikana kwa amri blkid, na nasisitiza itumike hiyo badala ya /dev/sdb1. Majina sda na sdb hutolewa kwa kadiri kerneli inavyovikuta vifaa. Leo ni sdb, kesho mtu akichomeka flashi kabla ya kuwasha, ni sdc. Neno nofail nalo lina kisa. Shule moja iliniita kwa sababu kompyuta ya maabara ilikuwa haiwaki. Ilikuwa inawaka vizuri. Ilikuwa inaisubiri diski ya nje ambayo mwalimu alikwenda nayo nyumbani. Linux husubiri sekunde 90, kisha huingia kwenye hali ya dharura yenye maandishi meupe juu ya weusi, na mtu yeyote angedhani mashine imekufa. Kwa nofail, diski isipokuwepo, mashine inaendelea. Kila ukigusa fstab, endesha findmnt --verify, halafu sudo mount -a, kabla hujazima. Kosa ni afadhali likutokee ukiwa bado unaweza kuandika.

Shule hiyohiyo ilikuwa na tatizo la pili ambalo hakuna aliyelitambua, na ninalieleza popote ninapopata nafasi. Folda ya kupachikia ni folda ya kawaida. Diski isipopachikwa, folda hiyo bado ipo, tupu, na inakubali kuandikwa. Programu ya bekapu haikujua kuwa diski iko nyumbani kwa mwalimu. Kila usiku ilinakili kazi zote kwenye /mnt/bekapu, yaani kwenye diski ileile ya ndani, mpaka ikajaa. Bekapu ilikuwa inaripoti mafanikio, na bekapu haikuwepo. Tena diski ikirudishwa na kupachikwa, mafaili yale ya zamani hufunikwa chini yake. Hayaonekani, ila nafasi yamekula. Dawa ni kuifanya programu iulize kwanza:

mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1

Mstari huu unasimamisha kila kitu kama hakuna kilichopachikwa hapo. Ningeuweka juu ya kila skripti ya bekapu nchini.

Diski ikijaa bila sababu, df -h hukuonyesha ipi imejaa, na du -xhd1 / hukuonyesha folda gani imekula, bila kuvuka kwenda kwenye diski nyingine. Hesabu hizo mbili zikigombana, tafuta mambo matatu. Kwanza mafaili yaliyofunikwa, kama nilivyoeleza. Pili faili lililofutwa huku programu bado imelishika. Nafasi yake hairudi mpaka programu ifungwe, na sudo lsof +L1 itakuonyesha mwenye nalo. Tatu ile asilimia 5 ambayo ext4 humtengea rooti, mtumiaji mkuu wa mfumo, tangu kufomatiwa. Kwenye diski ya terabaiti 4 ya kuhifadhia video tu, hiyo ni gigabaiti 200 zimelala, na tune2fs -m 1 hurudisha nyingi.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza siwapi diski ya mteja wala diski yangu. Pia siwapi ruhusa ya kuandika mkfs, amri ya kufomati, wala fsck, ambayo kamwe haiendeshwi juu ya kilichopachikwa, mpaka wawe wamefanya zoezi hili kwenye faili tupu:

truncate -s 1G mazoezi.img
mkfs.ext4 mazoezi.img
sudo mkdir -p /mnt/mazoezi
sudo mount -o loop mazoezi.img /mnt/mazoezi

Wanaingia ndani na kukuta folda moja, lost+found, ambamo fsck huweka vipande inavyoviokota. Nawaambia waijaze mpaka df iseme asilimia 100. Waipachike upya kwa ro kisha wajaribu kufuta, wasome inavyokataa. Wasimame ndani ya folda na kuandika umount, wapate "busy", watafute nani ameishika. Waandike kitu kwenye /mnt/mazoezi kabla ya kupachika, wapachike juu yake, wakitafute kilikoenda. Wakimaliza, umount, halafu wanalifuta lile faili na kuanza upya. Gigabaiti moja ya nafasi inatosha, na msomaji mwenye kompyuta yoyote ya Linux anaweza kuanza leo jioni.